Saa Nane Kasoro Dakika Tatu

Nanaa nimeipanda kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia,
ile ya lita ishirini iliyokatika mkono,
nyuma ya jiko, Shangani, Mtwara,
pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.
Mwaka mzima haina kazi. Kuku wa Bi Nachuma wanaidonoa.
Ila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano
naitembelea na kisu kama mtu aendaye kuposa.

Alinifundisha mteja, mchimba gesi,
mtu wa Kentaki, mrefu, shingo imeiva kwa jua.
Mimi kaunta, kizibao cheusi,
jina langu kifuani limekosewa: Somo, badala ya Somoe.
Akasema, leo kwetu farasi wanakimbia.
Nikamuuliza, wanakimbia nini?
Akacheka mpaka akapaliwa.

Maelezo yake niliyaandika nyuma ya karatasi ya bili,
na kwa kuwa marehemu baba alikuwa mtu wa vina
yakajipanga yenyewe:

    Nanaa usiitwange, uikande polepole,
    Sukari nayo itwange, iwe guru, ile ile,
    Barafu nawe igonge, ijae kikombe tele,
    Kitoe jasho kinyonge, ndipo upeleke mbele.

Gesi ikaingia kwenye bomba, ikaenda Dar es Salaam.
Wachimbaji nao wakaenda.
Hoteli ikapunguza watu, ikaanzia kaunta.
Nilitoka na kizibao
na chupa yenye vidole vitatu vya wiski ya mahindi
(mahindi, jamani, haya haya ya ugali)
ambayo mwenyewe hakurudi kuimalizia.

Kila mwaka kizibo kimoja, cha Chitanda mlinzi.
Sisi wengine ni chai ya rangi iliyopoa, kali,
na tangawizi ya kutosha kumtoa mtu chozi.
Barafu ni za mfuko, za mia mbili;
nazifunga kwenye kanga kuukuu, nazipiga mchi,
na jirani anagonga ukuta: nani anatwanga usiku huu?
Vikombe vya fedha sina.
Vya bati, maua yamebanduka, lakini vinatoa jasho vizuri.

Saa nane kasoro dakika tatu usiku
simu imeegemezwa kwenye sufuria.
Bi Nachuma, ambaye kamari kwake ni haramu na nusu,
anasema hachezi, anachagua tu.
Anamchagua wa kijivu.
"Ana miguu ya marehemu."
Chitanda anachukua namba kumi na saba,
kwa sababu kasimama peke yake, kama yeye getini.
Hakuna kati yetu aliyewahi kumgusa farasi.

Wanafunguliwa.
Dakika mbili. Ndiyo yote hiyo.
Miezi kumi na miwili ya kumwagilia ndoo, na kufukuza kuku,
kwa dakika mbili za udongo kurushwa
huko ambako bado ni jioni, na wanawake wamevaa kofia kama masinia.
Kona ya mwisho, wa kijivu anajitoa nje ya kundi,
anawapita watatu, wanne,
Bi Nachuma yuko wima, ushungi umemdondoka,
anaita jina ambalo si la farasi yeyote

na kioo kinaganda.
Kiduara. Kinazunguka.
Bando limekwisha.

Tunasikia barafu ikijipanga upya vikombeni.
Chitanda anakohoa. Kizibo chake alishakimaliza zamani.
Nimeshashika simu, nikope salio,
nusu dakika tu, tujue.
"Acha," anasema Bi Nachuma.
"Ameshafika."
Anapokea kikombe kwa mikono miwili,
jasho la bati linamchuruzika hadi kwenye kiwiko
wala halifuti.

Asubuhi nimesoma matokeo.
Sikumwambia.
Nimekwenda kuitazama ndoo: vishina vitatu vimebaki,
na kuku wameshafika hapo kabla yangu.